Jumamosi za Zuzu

Sehemu ya Tisa

Tulipoachana Jumapili iliyopita, gari halikuwepo uani na kitambaa chekundu kilikuwa chini kwenye vumbi. Wengi mmenitumia meseji mkiuliza kitambaa kina nini hasa cha kumkalisha chini Stara Shaban, mwanamke anayefungua injini ya moto kwa mikono mitupu. Ngoja niwaambie upesi, maana leo hatuna muda wa kupoteza.

Kwenye gereji aliyoiacha marehemu Mzee Shaban, pale Majengo, Dodoma, kuna desturi ya miaka mingi. Fundi akitaka kujaribia kifaa kwenye gari moja, anakiazima kutoka gari jingine lililolala uani. Mwenye gari haambiwi. Kifaa kikishajaribiwa kinarudishwa mahali pake, na mwenye gari anakuja kulichukua akishukuru. Ili mtu asije akaliondoa gari lililochomolewa kitu, fundi anafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Kila fundi wa pale anajua maana yake.

Edina si fundi. Edina ni mkunga. Alifika saa mbili asubuhi na funguo za akiba, akakikuta kitambaa kwenye usukani wa Forester nyeupe ya mumewe, akakifungua, akakitupa chini, akaondoka. Mafundi walikuwa nyuma ya uzio wanakunywa chai.

Stara alikuja saa nne. Sasa mnajua kwa nini alikaa chini.

"Kaka Masudi, umeazima nini kwenye lile gari?"

Masudi, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa amesimama na kipande cha chapati mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma.

"Breki za mbele."

"Zote mbili?"

"Zote. Nimezifunga kwenye gari la Munir, alitaka azijaribu kabla hajaagiza za kwake. Nikarudishia zile ndogo za zamani, ili gari lisikae juu ya mawe."

"Ulizitoa upepo?"

Masudi aliangalia chapati yake.

"Nakuuliza wewe, ulizitoa upepo?"

"Gari lilikuwa limepaki, Stara. Nilijua mchana narudisha zenyewe."

Msomaji wangu usiyeshika spana, sikiliza. Breki zikifunguliwa zikafungwa tena, upepo unaingia kwenye mipira ya mafuta yake, na usipoutoa unakanyaga pedali kama unakanyaga godoro. Kwenye tambarare utazipiga mara mbili, mara tatu, zitashika. Kwenye mteremko mrefu zinachemka, mguu unafika chini kabisa, na gari linaendelea na safari yake bila kukuuliza.

Na lile halikuwa gari la kawaida. Kwa nje lilikuwa gari la baba mwenye familia, na boksi la tishu kwenye dashibodi. Kwa ndani Stara alikuwa amelifunga turbo kubwa zaidi, ekzosi pana, na kompyuta yake ameichezea mpaka gari likawa linaruka. Ukiachia mafuta, linapiga baruti nyuma, paa, paa, paa, jinsi Elisante alivyotaka.

Elisante ndiye mwenye gari, afisa kwenye ofisi za Bunge, mtu wa tai na kitambulisho shingoni. Aliachwa na gari la mwenzake kwenye barabara ya Morogoro, akarudi nyumbani hana hamu ya kula. Kesho yake alikuwa gereji. Stara alimwambia, shemeji, ukitaka mbio tuanze na breki kubwa. Akakubali. Naye akatoa sharti lake moja: Edina asijue.

Stara alikubali sharti hilo. Huyo Edina amelala naye kitanda cha juu na chini sekondari kule Mpwapwa, miaka minne, wakigawana sabuni moja. Akakubali kumficha kwa sababu alilitamani gari. Hakuwahi kupewa gari la kulifanya atakavyo.

"Ameelekea wapi?" aliuliza, akisimama.

Aliyejibu ni Munir, mfanyabiashara wa vitenge mwenye wazimu wa magari. Alikuwa ameketi kwenye tairi anasubiri Impreza yake.

"Nilikutana naye getini anatoka. Mdogo wake ameshikwa uchungu huko Kibakwe. Anaenda kumchukua amteremshe hospitali ya Mpwapwa."

Njia ya Kibakwe Stara aliijua tangu utoto. Kupanda si neno, lile gari litapanda likiimba. Neno ni kurudi. Ni kushuka mlima ule wa vumbi, korongo upande mmoja, na mgonjwa nyuma.

Alipiga simu. Iliita mara mbili, ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Mara ya tatu haikuita kabisa.

"Kwa nini ananikatia?" alisema. "Edina hajawahi kunikatia simu maisha yake yote."

Jibu liliingia getini wakati huohuo, limevaa koti na tai. Elisante alikuwa anahema, bajaji iliyomleta bado inanguruma nje.

"Shemeji, Edina yuko wapi na gari?"

"Wewe ndiye wa kuniambia."

Elisante akampa simu yake asome. Meseji ilikuwa ya saa mbili asubuhi: *Nimekuja kuchukua gari langu la familia. Habari za Zuzu nazijua zote. Mwambie rafiki yangu ahsante sana.*

Stara aliisoma mara mbili. Zuzu ndiko walikokuwa wakilijaribu gari kila Jumamosi, kwenye ile barabara nyoofu isiyo na watu, yeye na laptop mapajani, Elisante usukani. Jumamosi moja baada ya nyingine, na kila mara Elisante anamwambia mkewe kuna kikao.

"Anadhani mimi na wewe…"

"Alianza kuuliza wiki iliyopita," Elisante alisema. "Mtu alituona."

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu kitu. Nilisema nitamweleza taratibu, akishapoa."

"Yaani uliona heri adhani ni mimi kuliko ajue ni turbo."

Elisante aliangalia viatu vyake. Masudi naye aliangalia viatu vya Elisante. Munir peke yake ndiye aliyekuwa na adabu ya kuangalia pembeni.

Hasira zilimpanda Stara mpaka kooni, lakini hasira ni kitu cha mtu mwenye muda. Alimweleza habari ya breki kwa maneno machache. Rangi ilimtoka yule bwana.

"Nimpigie?"

"Mpigie."

"Ameshanifungia. Hata meseji haziendi."

"Basi mpigie mama mkwe wako Kibakwe mpaka apokee. Mwambie Edina asishuke mlima. Hayo tu. Halafu uje nyuma na Masudi kwa pikapu." Stara akageuka. "Munir, funguo."

"Za nini?"

"Za gari lako. Lina breki za Forester."

"Dada Stara, hilo gari sijamwachia hata mke wangu."

"Mke wako hajui kuendesha. Panda."

Impreza ya Munir ilikuwa na viti viwili tu. Vya nyuma alishaving'oa zamani ili iwe nyepesi. Stara alitupa nyuma begi la spana na laptop, maana fundi wa siku hizi bila laptop ni mpita njia, na gari likatoka Majengo vumbi likiwa halijatua.

Sasa hapo ndipo mateso yalipoanza. Mnaijua barabara ya kutoka Dodoma kwenda Mbande? Kila kijiji kina kibao cha hamsini. Stara alikuwa na gari la kwenda mara tatu ya hapo, na mguu wa kulipeleka, na kila baada ya dakika chache lazima ashuke mpaka hamsini na kujikunja nyuma ya lori la alizeti. Akipita kijiji anakanyaga mpaka Munir anashika mlango. Kinatokea kijiji kingine.

"Mpigie tena Elisante."

"Nimempigia sasa hivi. Mama mkwe hapokei."

"Mpigie tena."

"Dada Stara, dakika moja haijaisha."

Walikata Mbande, wakaiacha Kongwa, upepo wa Agosti unapiga gari ubavuni na kuvusha vumbi jekundu barabarani. Stara alikuwa anahesabu. Edina ameondoka saa mbili. Saa tano na nusu atakuwa Kibakwe. Atakunywa maji? Hatakunywa. Atampakia Anjelina, mdogo wake, na kugeuza. Saa sita atakuwa ameanza kurudi, saa saba yuko mlimani.

Waliingia Mpwapwa saa sita kasoro. Kijiweni kwa bodaboda alisimama, injini inawaka, akamwita dereva wa kwanza aliyemwona, jamaa mmoja mwenye koti zito juani.

"Kaka, habari za kazi. Umeona Forester nyeupe imepita?"

"Ile inayopiga baruti?" Yule dereva, wenzake walimwita Matonya, akacheka. "Tumelala chini sote hapa. Tulidhani majambazi. Kumbe mama mtu mzima, amekaa wima, hata hatuangalii."

"Imepita kupanda au kurudi?"

"Kupanda. Zamani kidogo. Kurudi bado, ingerudi tungelala chini tena."

Bado. Neno hilo lilimpa Stara pumzi. Kisha akapata wazo ambalo alijilaumu kwa kutolipata Dodoma.

"Munir, namba yako Edina hana."

"Hana."

"Nipe simu."

Iliita. Iliita mpaka karibu ikatike, kisha sauti ya Edina ikaja, upepo mwingi na mtu analia kwa mbali.

"Haloo, nani?"

"Edina, ni mimi, usikate, sikiliza…"

"Una moyo wewe," Edina alisema.

"Usishuke mlima. Nakuomba, usishuke, breki za…"

"Nisishuke?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na Stara angeona nafuu kama angepiga kelele. "Anjelina anatoka damu, Stara. Nimemlaza nyuma, nimewasha gari. Umemchukua mume wangu, sasa unataka na mdogo wangu afe?"

"Gari halina br…"

Ikakatwa. Stara akaondoa gari huku Munir akipiga tena na kutuma meseji, lakini hakuna kilichofika; mtandao ulikuwa umeshakwisha na barabara imeanza kupanda.

Munir alirudishiwa simu yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Alisikia?"

"Alisikia usishuke. Breki hakusikia."

Lami ilikwisha. Impreza ilikuwa chini mno kwa njia ile, kila jiwe linagonga tumbo lake, na Munir kila likigonga anafumba macho kama amegongwa yeye. Kushoto ukuta wa mlima, kulia hakuna kitu, ni vilele vya miti ya korongoni. Hawakukutana na gari hata moja. Basi la Kibakwe hushuka asubuhi, na baada ya hapo njia ni ya mbuzi na upepo.

Kisha wakaisikia.

Paa. Paa, paa. Juu yao, mbali, nyuma ya kona ambazo huwezi kuzihesabu ukiwa chini. Paa, paa, paa, paa.

"Ndiyo yenyewe," Munir alisema. "Si anakuja vizuri tu? Ameachia mafuta, anashuka kwa injini."

Stara alikuwa amekauka kwenye usukani.

"Injini haimshiki," alisema.

"Kwa nini isimshike? Gia ya mkono hiyo."

"Gari la kawaida ukiachia mafuta, kompyuta inakata petroli na injini inalivuta gari nyuma. Lile ukiachia, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ili lipige ile milio. Linasukuma, Munir. Hana breki na injini inamsukuma."

"Nani aliiambia kompyuta ifanye mambo ya kijinga hivyo?"

"Mimi."

Wiki tatu mwanamke huyu aliitafuta ile milio, akairekebisha, akaisikiliza Zuzu akicheka peke yake.

Mbele palikuwa na mahali barabara imepanuka, pa malori kupishana. Stara alikata usukani, akaligeuza gari zima kwa mara moja, pua ikaangalia walikotoka. Akaacha injini ikinguruma na macho kwenye kioo.

"Unafanya nini?"

"Namsubiri."

"Dada Stara, atatugonga."

"Ndiyo. Shuka kama unataka kushuka."

Munir aliangalia mlango. Aliangalia gari lake, dashibodi aliyoishona kwa mkono wake mwenyewe. Akafunga mkanda.

"Kama ni kugongwa, angalau niwe shahidi," alisema.

Forester ilitokea kwenye kona ya juu ikiwa imeinamia upande, vumbi nyuma yake limesimama wima. Taa zote zinawaka. Edina alikuwa anabonyeza honi bila kuiachia. Stara alikanyaga mafuta, akaondoka mbele yake kabla hajafikiwa, akitazama kioo kuliko barabara. Hamsini. Sitini. Forester inazidi kukikaribia kioo. Alitaka waende mwendo mmoja kabla hawajagusana, la sivyo wote watakwenda kuwahesabu nyani huko chini.

Pigo la kwanza lilikuwa dogo. La pili lilimtupa Munir mbele mpaka mkanda ukamkaba. Kisha magari mawili yakashikana, bampa kwa bampa, na Stara akaanza kukanyaga breki.

Hakuzipiga. Alizikanyaga polepole, akiuhisi uzito wa gari lililo nyuma, na uzito wa watu waliomo. Breki zilezile kubwa zilizotoka kwenye gari la Edina sasa zilikuwa zinabeba magari mawili. Zilianza kulia. Moshi mweupe ukapanda pande zote za boneti. Nyuma, Edina alikuwa amevuta breki ya mkono hadi mwisho. Kona ilikuwa inakuja, Stara aliiona, na mguu wake haukuwa na mahali pengine pa kwenda.

Zikabaki hatua thelathini. Ishirini. Impreza ikageukia ukuta wa mlima, ikaacha nafasi ya gari kupita kando yake, bati likajikunja, kitu kikapasuka kwa kishindo nyuma kulia. Magari yakasimama.

Munir alishuka wa kwanza, akachukua mawe mawili bila kuambiwa, akayatia chini ya tairi za Forester. Ndipo akaligeukia gari lake. Ubavu wa nyuma ulikuwa umeingia ndani hadi kulikaba tairi, na tairi lenyewe limechanika. Gari haliendi popote siku hiyo. Aliweka mkono kwenye paa lake, akauacha hapo kwa muda.

Edina alikuwa ameshashuka. Hakumwangalia Stara. Alifungua mlango wa nyuma, akainama juu ya mdogo wake. Anjelina alikuwa amelala kwenye viti vilivyokunjwa, juu ya godoro jembamba na khanga mbili, midomo imekauka. Khanga ya chini ilikuwa imeloa.

"Wewe, unanisikia?" Edina alimwambia. "Fumbua macho. Niangalie mimi."

"Dada, tumefika?"

"Bado kidogo."

Edina alijinyoosha, akafuta mikono, akamgeukia Stara. Uso wake ulikuwa na vumbi na mistari miwili ya machozi, lakini sauti ilikuwa kavu.

"Sema upesi."

Stara alisema upesi. Kwamba Masudi aliazima breki. Kwamba kitambaa kile kilikuwa na maana. Kwamba gari limeongezwa nguvu, na aliyeongeza ni yeye, na kule Zuzu walikuwa wanalijaribu.

"Jumamosi nne mnajaribu gari?"

"Jumamosi tano."

Edina alimtazama. Kitu kilimpita usoni, kikataka kuwa kicheko, kikashindwa.

"Nimelia wiki nzima kwa sababu ya gari," alisema. "Mngeniambia ningewafungia chakula muende nacho."

"Aliniomba nisikwambie."

"Yeye aliomba. Wewe ndiye uliyekubali."

Stara alipiga magoti akaangalia chini ya gari. Mpira wa breki wa mbele ulikuwa umepasuka, mafuta yote yamemwagika njiani. Akainuka.

"Naweza kuzitoa breki kwenye gari la Munir nikazirudisha hapa. Nikiwa na bahati, saa moja na nusu."

"Hana saa moja na nusu," Edina alisema. "Tukikaa hapa tutashusha maiti mbili. Anatakiwa kuwa kwenye meza ya upasuaji sasa hivi. Gari la Munir je?"

"Haliendi. Na pikapu ya Masudi bado iko mbali."

"Simu?"

"Hakuna mtandao," Munir alisema. "Nitapanda hapo juu kwenye jabali nitafute. Nikipata nawaambia hospitali wajiandae. Lakini hata wakituma gari, mpaka lifike hapa…"

Hakumaliza. Anjelina aliguna nyuma, mguno mrefu wa chini, na Edina alikuwa ameshaingia kabla haujaisha.

Stara alisimama katikati ya barabara. Mbele yake gari moja lenye breki lisiloweza kwenda, na jingine linaloweza kwenda lisilo na breki. Upepo ulikuwa unampiga vumbi machoni. Kisha akakimbilia begi lake, akatoa laptop, akakaa kiti cha dereva cha Forester, akachomeka waya chini ya usukani.

"Unafanya nini?" Edina aliuliza kutoka nyuma, mikono yake kazini.

"Naliondolea niliyoliwekea."

Alikosea, akarudia. Milio, futa. Petroli wakati wa kuachia mafuta, kata. Nguvu ya turbo, shusha mpaka chini kabisa. Wiki tatu za kazi zikaondoka kwa dakika nne, na ile ya mwisho ilikuwa ndefu kuliko zote, mstari wa bluu unatambaa kwenye kioo cha laptop na Anjelina anahesabiwa pumzi nyuma. Kazi ikakubali. Stara akachomoa waya.

"Sasa nikiachia klachi injini itashika," alisema. "Gia ya kwanza, siitoi mpaka chini. Na breki ya mkono."

"Breki ya mkono itashika?"

"Imeungua. Itasaidia kidogo."

Kulikuwa na kona saba kufika tambarare. Stara alizijua zote, na Edina pia, kwa sababu walizishuka pamoja kila shule ilipofunguliwa, juu ya magunia, wakiimba. Ile ya nne ndiyo iliyokuwa mbaya.

Munir aliahirisha kupanda jabali, akaja akainama kwenye mawe ya tairi, akisubiri kuambiwa ayaondoe. Edina alitoka nyuma, akazunguka gari, akasimama dirishani kwa dereva.

"Stara. Ukiendesha wewe, tutafika?"

Kulikuwa na jibu jepesi. Tutafika, shoga yangu, usiwe na wasiwasi. Ndivyo alivyokuwa akimjibu mwezi mzima kila alipoulizwa jambo, habari za kazi, habari za Jumamosi, mbona umekonda, na Edina akaamini kila mara. Stara aliangalia barabara ikiingia kwenye kona ya kwanza na kupotea.

"Sijui," alisema.

Edina hakusogea. Alimtazama machoni kwa muda ambao hawakuwa nao. Kisha akarudi nyuma, akapanda, akafunga mlango, na Stara akamwona kwenye kioo akikipakata kichwa cha mdogo wake.

"Haya," Edina alisema. "Tupeleke."

Munir alivuta mawe. Stara alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akashusha breki ya mkono. Forester ikaanza kuteremka yenyewe, taratibu, halafu si taratibu tena. Kona ilikuwa hatua sitini mbele.

Akaachia klachi.